Beseni la Taifa

Uvumi wenyewe niliusikia kwenye foleni ya kuni. Niliukataa mara tatu, ukarudi mara nne. Ulisema kwamba kule Kituo cha Kwanza watu walinawishwa wote kwa beseni moja, na siku ya tatu yake yakachimbwa mashimo kumi. Waliochimba walisema ni vyoo. Lakini choo gani kinachimbwa asubuhi na kufukiwa adhuhuri?

Aliyeuleta ni Bi Mashavu, jirani yangu wa hema la pili, mwanamke asiye na mashavu hata kidogo tangu mafuriko, ila jina limebaki. Alininong'oneza huku anafunga mzigo wake wa kuni.

"Mama Tunu, mimi sisemi kitu. Nasema tu choo hakifukiwi kabla ya mtu kukitumia."

"Nyamaza, Bi Mashavu. Utatukamatisha."

"Nimenyamaza. Wewe ndiye unayetetemeka."

Ni kweli nilikuwa natetemeka, lakini nilidhani ni njaa.

Hapo lazima nijisahihishe, maana nchi yetu haina njaa. Hilo lilipitishwa na Bunge kwa kauli moja, na wabunge wachache waliokuwa na shaka walicheleweshewa chakula cha mchana mpaka shaka ikawaishia. Kwa hiyo mto ulipopanda ukazoa mahindi yetu, mbuzi wetu na nyumba zetu, sisi hatukuwa wenye njaa wala wakimbizi. Tulikuwa Wageni wa Taifa. Tukapangwa kwenye mahema, Kituo cha Pili, na kila Ijumaa kila mgeni alipewa kibaba cha mahindi na hotuba. Kadiri siku zilivyokwenda kibaba kilipungua na hotuba ikarefuka. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, basi nikadhani ndivyo mizani inavyosawazishwa.

Kisha watu wakaanza kuharisha.

Walikuwa wanaharisha maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, na kutapika juu yake, mpaka macho yanazama na ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Kila mama pale kituoni aliujua ugonjwa huo kwa jina lake. Ni kipindupindu, hata mtoto wa darasa la pili anakijua. Lakini Wizara ya Shibe na Usafi ilitutumia Profesa kutoka mjini, naye akasimama upande unakotoka upepo, akatutazama kwa mbali kwa darubini, akatoa majibu siku hiyo hiyo.

"Hili ni Tumbo la Shibe," alisema. "Watu hawa hawakuzoea kula. Sasa serikali imewalisha ghafla, matumbo yameshtuka kwa furaha."

Dawa yake ikawa ni kupunguza chakula. Kibaba kikawa nusu kibaba. Watu wakaendelea kuharisha, Profesa akaandika kwamba shibe bado imejificha mwilini, nusu ikawa robo. Vyoo vilikuwa havijajengwa, maji tulichota mtoni kule kule walikokwenda watu kichakani, na robo kibaba ukiisaga ni uji wa siku moja. Nilikuwa nampa Tunu uji asubuhi, na jioni nampa hadithi za chakula.

Tunu ni binti yangu. Alikuwa na miaka sita na pengo mbele, na alikuwa akicheka anaziba pengo kwa kiganja.

Wizara haikulala. Ilitangaza Siku ya Kunawa Kitaifa. Mheshimiwa Waziri mwenyewe angekuja Kituo cha Pili na Beseni la Taifa, lile lile lililotoka Kituo cha Kwanza, na kila mgeni atanawa, na kila aliyenawa atagongewa muhuri wa AMENAWA kwenye kadi, na mwenye muhuri atakula makande siku hiyo, ashibe. Asiyenawa ni adui wa usafi, kadi yake itachukuliwa.

Makande! Tulikuwa hatujaonja maharage tangu mto upande. Hata Bi Mashavu alimeza mate, nilimwona.

Nikaenda kwa shemeji.

Shemeji yangu Kombo ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mama yao alipofariki, Kombo alikuja kukaa kwetu akiwa mvulana mwembamba mwenye nguo moja, na kwa miaka sita alikula sufuria moja na sisi. Kila mlo mimi ndiye niliyemnawisha. Nilishika birika mkono wa kulia, bakuli mkono wa kushoto, nikammiminia mpaka vidole ving'ae, kwa sababu mume wangu alisema mtoto wa watu akila kwako anawishwe kama mgeni. Sasa alikuwa Afisa Mhamasishaji wa Kituo, ana fulana ya kijani yenye maandishi mgongoni na kipaza sauti cha betri.

"Karibu, shemeji," akaniambia. "Umekuja kuniposa?"

"Nani akupose na miguu hiyo. Kombo, nisikilize. Hili beseni ni salama?"

Akacheka. "Nani kakutia maneno? Yule kizee asiye na mashavu?"

"Nimekuuliza wewe."

"Shemeji, maji yamechemshwa, yametiwa dawa, yameombewa dua na yamepigiwa wimbo wa taifa. Unataka nini tena?"

"Nataka uniambie kama mtu aliyekula kwangu."

Akaacha kucheka. Akanyoosha mkono wa kulia, akaukunjua mbele yangu. "Naapa kwa mkono huu uliokula kwako. Mlete Tunu. Mlete mapema, makande yasije yakaisha."

Nilirudi hemani moyo umetulia. Bi Mashavu yeye hakutulia, akaenda kuuliza kwenye Ofisi ya Uvumi, maana kwetu uvumi unasajiliwa kama baiskeli. Karani akafungua daftari.

"Uvumi huu umepewa na nani?"

"Na mwanamke wa Kituo cha Kwanza."

"Aje mwenyewe."

"Amekufa."

"Amekufa kwa nini?"

"Kwa huo uvumi."

Karani akatafakari, akagonga muhuri. "Uvumi wa marehemu unafutwa kwa Fomu Namba Nne. Mtu anayefuata!"

Siku ikafika. Beseni lilishushwa kwenye lori na watu wanne waliovaa suti. Lilikuwa la bati jeupe, pana kiasi cha kuogeshea mbuzi, na chini kabisa, kwenye sakafu yake, ilichorwa sura ya Baba wa Shibe, kiongozi wetu, anatabasamu. Maji yalipotiwa, Baba akaonekana kama amelala kwenye bwawa anatusubiri. Pembeni alisimama Afisa Mlinzi wa Beseni na rungu.

Waziri alihutubia saa mbili. Nitaandika yale niliyoyashika tu.

"Ndugu Wageni! Adui wa taifa hili ni uchafu, na uchafu unakaa mikononi mwenu! Serikali imewapa mahema, imewapa robo kibaba, imewapa mto. Ninyi mmeipa nini serikali? Mikono michafu! Leo, kwa beseni hili, taifa zima linakuwa mkono mmoja!"

Tukapiga makofi kwa hiyo mikono michafu.

Kisha ikasomwa kanuni. Kunawa ni kwa kufuata cheo. Ataanza Waziri, halafu Katibu, halafu walinzi, madereva, maofisa wa kituo, wageni wanaume, wageni wanawake, na mwisho watoto. Maji hayabadilishwi, kwa sababu yameguswa na Mheshimiwa, na kwa sababu kumwaga maji yaliyofunika sura ya Baba ni sawa na kummwaga Baba mwenyewe. Yakipungua yataongezwa. Afisa Mlinzi akatukaririsha kama darasani: "Kuongeza?" Tukajibu: "Ruhusa!" "Kumwaga?" "Marufuku!"

Waziri alitumbukiza ncha za vidole viwili, navyo vilikuwa na glavu. Katibu akafanya kama anatumbukiza. Walinzi walilowesha. Wanaume waliotoka kuzika, kuchota kinyesi na kuwabeba wagonjwa usiku kucha wakanawa mpaka viwiko, maana waliambiwa usafi ni mpaka viwiko. Ilipofika zamu ya wanawake, maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu akanyoosha shingo.

"Mheshimiwa, Baba hatumwoni tena."

Afisa Mlinzi akainama, akatazama ndani ya maji kwa muda, akainuka.

"Yeye anawaona," akasema.

Nilinawa. Ikaja zamu ya watoto. Tunu alisimama ukingoni mwa beseni, mikono ameiweka nyuma.

"Mama, mbona maji yananuka?"

Nikamtafuta Kombo kwa macho. Alikuwa hatua tano kutoka hapo, kipaza sauti amekishika kwa mikono yote miwili, anatangaza majina. Alikuwa amekishika hivyo hivyo tangu asubuhi. Maofisa wenzake waliponawa yeye alikuwa anatangaza, na mimi nikasema moyoni, masikini, mikono yake ina kazi, hata nafasi ya kunawa hana. Macho yetu yakakutana. Akatikisa kichwa kidogo, kunikubalia.

"Nawa, mwanangu," nikasema. "Baba mdogo amesema ni salama."

Akanawa. Akagongewa muhuri. Makande yakaja kwenye masinia, watu kumi kwa sinia, kwa mkono, kwa sababu vijiko vilisahauliwa mjini. Tunu alikula, akalamba vidole kimoja kimoja, akarudia kulamba, akaniangalia akacheka bila kuziba pengo. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake jioni redio ilitangaza kwamba Kituo cha Pili kimenawa asilimia mia moja. Kesho kutwa yake asubuhi Tunu akaanza.

Mimi tumbo lilinikata siku moja likaniacha. Kwa nini liliniacha mimi, sijui, wala sikuliomba.

Mwisho wa kituo kulikuwa na hema jeupe la wafadhili, lenye chupa za maji ya kutundika na vitanda vyenye tundu la kuharishia. Nilimbeba Tunu mgongoni nikafika nimelowa. Mlangoni alikaa karani wa Wizara.

"Kadi."

Nikampa. Akaisoma, akanirudishia.

"Huyu amenawa. Aliyenawa haugui."

"Lakini anaumwa, baba. Mtazame."

"Mama, mimi sitazami watoto, natazama kadi. Kama amenawa, haumwi. Kama anaumwa, basi hakunawa. Ninyi mnataka vyote viwili."

"Basi andika hakunawa."

"Muhuri unasema amenawa. Kuufuta kunahitaji Hati ya Kutonawa, isainiwe na Afisa Mhamasishaji wa Kituo. Ukiileta, anaingia sasa hivi. Vitanda vipo."

Vitanda vilikuwepo kweli. Niliviona nyuma yake, vitupu, vimetandikwa, kumi na kitu.

Moyo ukanirudi mahali pake. Afisa Mhamasishaji ni Kombo! Ni baba mdogo! Nilikimbia na mtoto mgongoni. Nikamkuta kwenye hema la ofisi, ameshika rula, anachora mstari mwekundu unaopanda kwenye karatasi kubwa.

"Kombo, saini hapa. Haraka. Tunu anakufa."

Akamtazama Tunu, rangi ikambadilika. Akachukua kalamu. Nawaambia aliichukua, niliona kwa macho yangu. Kisha akatazama ile karatasi yake.

"Shemeji, Waziri ameshatangaza asilimia mia redioni."

"Sasa?"

"Nikiandika mmoja hakunawa, haiwi mia tena. Inakuwa tisini na tisa na vipande."

"Hicho kipande ni Tunu."

"Najua ni Tunu! Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ingekuwa afadhali. Huyu ni damu yangu. Watasema nimependelea ndugu. Kuna semina, kuna maadili, shemeji, huyajui wewe haya."

"Kombo. Mkono ulioniapia uko wapi?"

Akaiweka mikono chini ya meza, kalamu na yote. "Mpe maji," akasema. "Itapita. Kwa wengi inapita."

Bi Mashavu hakuniambia, "Si nilikuambia?" Alikuwa ameshawasha moto kwa kuni zake za siku tatu. Alichemsha maji yakatokota, akayaacha yapoe kwenye chupa ya lita moja, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akakoroga. Sukari hiyo aliificha kwenye upindo wa khanga tangu mafuriko. Tukamnywesha Tunu kijiko baada ya kijiko. Hata akitapika tunangoja kidogo, tunaanza tena. Ikafika saa sita mchana akafumbua macho, akaomba asimuliwe makande. Nikamsimulia. Lakini sukari ilitosha chupa moja tu. Bi Mashavu alikwenda ghalani kuomba vijiko sita, akaambiwa sukari iliyopo ni ya chai ya wageni, yaani wageni wenyewe hasa, wa kutoka mjini.

Alasiri akaniuliza, "Mama, nisinawe tena?"

Nikamwambia usinawe tena, mama.

Alifariki kabla ya magharibi. Kipaza sauti kilikuwa kinapita kati ya mahema kinatupongeza.

Kituo cha Pili hakina makaburi. Hakiwezi kuwa nayo, kwa kuwa katika taarifa zake hakuna aliyekufa. Lakini kuna vyoo arobaini walivyoahidiwa wafadhili, na kwenye ramani ya Wizara kila shimo linalochimbwa linahesabiwa. Vijana wenye barakoa walichimba, wakamlaza mwanangu, wakamwaga chokaa, wakafukia, wakasimika kibao. Mimi kusoma najua. Kibao kilisema CHOO NA. 17, KIMEKAMILIKA.

Wenye haja wakaendelea kwenda kichakani, na sisi tukaendelea kuchota mtoni.

Siku ya tatu Kombo akaja matangani. Alikuwa na kofia mpya na nishani kifuani, Nishani ya Mkono Safi, daraja la pili. Alilia. Sisemi machozi yalikuwa ya uongo. Alikaa mkekani akalia mpaka kofia ikamwanguka, na wanawake wakamwambia pole, baba mdogo, kazi ya Mungu.

Bi Mashavu alikuwa amepika ugali mdogo wa kila mtu kuonja. Likazungushwa beseni la kunawa, beseni letu la plastiki la bluu, maana hapo matangani kila mtu alinawa kama tulivyozoea, mmoja baada ya mwingine, maji yale yale. Watu kama saba walikuwa wameshanawa. Nikalipeleka mwenyewe kwa Kombo, nikaliweka mbele yake.

Akalitazama. Hakutia mkono.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "huna birika? Unimiminie kidogo. Na kama kuna sabuni."

Nikaliacha beseni pale pale mbele yake.

"Tangu lini wewe unakataa beseni, Kombo?"

"Ni utaratibu tu. Tulifundishwa. Maji ya kumimina, na sabuni. Beseni la pamoja hapana, linaambukiza."

"Mlifundishwa lini?"

Hapo ndipo alipojua amefika wapi. Akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Kombo, nakuuliza. Mlifundishwa lini?"

"Kabla ya Kituo cha Kwanza," akasema. "Semina ya siku tatu. Tulipewa vyeti."

Nilikuwa na birika. Ni lile lile, la bati, lenye mkono uliofungwa waya, ndicho kitu pekee nilichookoa mtoni pamoja na Tunu. Lilikuwa nyuma yangu, limejaa maji ya kuchemsha. Akaliona. Akatoa mikono, akaikinga vile vile alivyoikinga miaka sita.

Nikanyanyua lile beseni la bluu, nikatoka nalo nje, nikalimwaga lote chini. Ni kosa, najua, kumwaga ni marufuku. Nikarudi, mikono yake bado imekingwa.

"Birika ni la watoto," nikamwambia.

Tangu siku hiyo watoto wa safu yetu wanapanga foleni mlangoni kwangu kabla ya kula, nami nawamiminia mmoja mmoja. Shemeji amehamishiwa Kituo cha Tatu, amepanda cheo. Beseni la Taifa limekwenda naye kwenye lori moja. Mama uliyeko Kituo cha Tatu, au popote litakaposhushwa, epuka haya:

Usinawe kwenye maji aliyonawa mwenzio, hata kama mwenzio ni Waziri.

Usinywe maji ya mto bila kuyachemsha mpaka yatokote.

Usile sinia moja na watu ambao hukuwaona wakinawa kwa maji ya kumimina.

Usipunguze chakula cha mtoto anayeharisha. Profesa hakuzaa na wewe.

Usingoje saini. Mpe maji ya sukari na chumvi tangu mara ya kwanza, huku unambeba kwenda kwenye vitanda.

Usimalizie sukari yako kwenye chai. Ifiche.

Usionyeshe kadi yenye muhuri kwenye hema jeupe. Sema imeliwa na panya.

Usikae karibu na choo ambacho hakuna anayekitumia, wala usikikanyage. Kwanza soma namba.

Usimwamini anayekuapia kwa mkono wake. Utazame kwanza kama umelowa.

Na mtoto akikuuliza mbona maji yananuka, usitafute macho ya mtu mwingine. Nusa mwenyewe.